Kijiti cha Ami Shee

Nimesikia kwamba siku hizi pale Holka mnawafunga wageni utepe wa rangi mkononi kabla hawajaingia pangoni. Sawa. Mimi sina ugomvi na utepe. Aliyeniletea habari hizo ni mmoja wenu waongozaji, alikuja kunisalimu hapa nyumbani Garsen, akaketi kwenye kiti changu kizuri na kunifundisha kazi yangu mwenyewe huku akinywa chai yangu. Alipomaliza nikamuuliza, "Na mgeni akitoka, utepe wake anaukata nani?"

Akasema, "Mathe, si ni yeyote tu. Mwenye mkasi."

Nikamwongezea chai, maana nilitaka akae anisikilize. Hakukaa. Alikuwa na gari la wageni linamsubiri stejini. Basi nawaandikia nyote, mtanisoma mkiwa na nafasi.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Jillo, Mpokomo wa Wenje. Sikuanza kazi hii kwa kuyapenda mapango. Nilianza nikiwa mpishi wa kambi, na mara ya kwanza kuingia Holka niliingia kwa hasira. Wageni walikuwa wamepotelea mle ndani wakipiga picha, wali unapoa, nami mtu akiniachia wali ukapoa huwa sioni giza. Nikawafuata na taa ya chemli mpaka nikawatoa. Baadaye mwongozaji mmoja alipougua malaria wakasema, mpeni yule mpishi, njia anaijua. Ndivyo nilivyoajiriwa, kwa sababu ya kiporo.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Barisa, Muorma, mfugaji, mtu mrefu mwenye maneno machache. Yeye aliyajua mapango tangu ujana wake, alipokuwa akitafuta ndama aliyepotea. Wageni hudhani Holka ni jina la malkia fulani wa zamani. Ni neno la Waorma, maana yake pango, basi. Kuna kijana nilimsikia akiwaambia Wazungu habari za malkia huyo, na taji alikuwa nalo. Nilimvuta sikio, na sasa ana watoto wawili, lakini nikimkuta akisema tena nitalivuta.

Mnaijua njia. Ukitoka Garsen ukaupa mto mgongo, miembe inaisha ghafla, mashamba yanaisha, inabaki miiba na vumbi jekundu na jua linalokutazama wewe tu. Halafu vilima, na mbele ya vilima laga, ule mkondo wa mchanga ambao mgeni huuona mkavu akadhani ni barabara. Mlango wa pango uko ng'ambo ya laga, chini kidogo. Ukiingia unafika Barazani, kule kwenye vibao vya mawe watu wanakokaa kupumzika. Kutoka Barazani kuna mteremko wenye utelezi wa mavi ya popo, na chini yake ni Kisimani, chumba cha baridi. Jina hilo la Kisimani hatukulitoa hewani. Mvua ikinyesha mbali huko juu, laga likianza kujaa, maji huingia Kisimani kwanza, kwa nyufa za chini, kimya kimya, kabla hujayaona mlangoni. Likishajaa hulivuki. Unapanda kilima kilicho juu ya pango unakaa hapo na Mola wako mpaka lipungue. Barisa alinifunza hayo kabla hajanifunza kitu kingine chochote.

Alinifunza pia habari za marashi. Pale mlangoni kuna nyuki, na nyuki wa Holka hawataki udi wala asumini. Wakija wageni wa pwani waliojifukiza, waambieni kwa adabu wajipake vumbi. Mimi niliwahi kuona bwana mmoja akikimbia na kanzu kichwani hadi kwenye gari, na mkewe akicheka mpaka akakaa chini. Nyuki wakamfuata mkewe.

Lakini nataka kuwaambia habari ya kijiti.

Barisa hakuhesabu watu. Hata ng'ombe hakuwahesabu. Alisimama akalitazama kundi likipita, na akikosekana mmoja alimjua ni yupi, kwa rangi yake na kwa mama yake. Kwao, kunyooshea kidole viumbe hai ukawahesabu ni kuwaitia upungufu. Mimi nilibishana naye sana. Nilimwambia, "Mzee, hawa wageni si ng'ombe. Mama zao huwajui."

Akasema, "Ndiyo sababu iko kijiti."

Kila aliyeingia alipewa kijiti cha mswaki, akakichomeka mwenyewe kwenye mchanga wa mlangoni. Akitoka anakichomoa. Mchanga ukiwa mtupu, pango ni tupu. Kikibaki kijiti, hatuondoki. Wageni waliipenda desturi hiyo, kwa kuwa walirudi makwao na mswaki wa bure. Nami niliizoea nikaacha kubishana. Kuna siku kijana mmoja alisahau kuchomoa chake, akaenda kulala garini. Tulimtafuta pangoni mpaka koo zikakauka, kumbe bwana anakoroma kiti cha nyuma. Nilimtukana kwa Kipokomo, ili asielewe. Barisa hata hakununa. Alisema, "Hii ni makosa mzuri. Mbaya ni ile ingine." Sikumuuliza ingine ni ipi. Nilifikiri ni maneno ya uzee.

Basi wakaja watu wa Kipini. Ukoo mmoja, wametoka kwenye harusi, wameamua kutembea kabla ya kutawanyika. Magari mawili, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mkubwa wao alikuwa Ami Shee, mwashi wa nyumba za mawe, aliyestaafu kwa sababu magoti yalikuwa yamemwisha kwa kupigia kuta magoti maisha yake yote. Alikuja na binti wa nduguye, Mwanaidi, ambaye alilelewa na huyo Ami tangu babake alipofariki. Binti huyo alikuwa na adabu mpaka unaona haya kwa ajili ya watoto wako. Ami akitaka maji, yashafika. Ami akitaka kuvua viatu, binti keshachutama.

Nilimwambia Ami kwamba kule chini kuna mteremko, asihangaike, akae Barazani. Akacheka. "Mwanangu, miye nimejenga kwa mawe miaka yote. Niwate nione jiwe ambalo halikuguswa na mtu." Nikamwacha.

Mlangoni niliwapa taa ndogo ndogo na maneno yangu ya kila siku. Ukipotea, keti pale pale ulipo. Usitembee. Usipige kelele, kwa sababu pango litaitupa sauti yako kila upande nami nitakwenda kusiko. Gonga jiwe, polepole, nitakufuata. Vijana wao walikuwa wanapigana picha. Aliyenisikiliza kwa makini ni Ami Shee peke yake, kichwa kakiinamisha, kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa.

Tulikuwa Kisimani tulipousikia mluzi wa Barisa. Kwa kawaida mimi hutangulia na Barisa hufunga nyuma, lakini siku hiyo alikuwa amebaki mlangoni, hakuupenda upepo. Mluzi wake mmoja maana yake tokeni. Miwili maana yake tokeni sasa. Alipiga miwili. Nikawaambia wageni twende, twende, nikawatangulia na taa, watu wakapanda mteremko wakisukumana na kucheka. Nyuma yetu hapakuwa na mtu wa kufunga. Hiyo nafasi ya nyuma ndiyo kazi yenyewe, wanangu. Mbele hata mbuzi anaweza kuongoza.

Nje anga lilikuwa jeupe, jua kali, hakuna wingu juu yetu. Barisa alikuwa ameielekeza pua upande wa juu wa laga. Nami nikaipata harufu hiyo, udongo uliolowa, kutoka mahali tusipopaona. Wageni wakachomoa vijiti vyao. Nilimwona Mwanaidi akiinama, akachomoa kimoja, akainama tena akachomoa cha pili, akavitia vyote mkobani. Nikajisemea moyoni, mtoto huyu kalelewa. Mchanga ukabaki mtupu. Barisa akautazama, nami nikautazama. Tukavuka laga, tukapanda magari, tukaondoka.

Wakati wa Alasiri tulisimama kwenye kisima cha Waorma, njiani kurudi, watu waswali. Wanaume wakatawadha, wakajipanga mstari. Mbele hapakuwa na mtu. Wakangoja. Hakuna aliyesogea mbele, maana mkubwa wao yupo, nani atamtangulia? Mmoja akageuka akapaza sauti kuelekea gari letu. "Mwambiyeni Ami twamngoja."

Sisi kwenye gari la wanawake tukatazamana. Mama mmoja akajibu, "Si yuko kwenu?"

"Kwetu wapi? Asubuhi alilalamika gari letu larusha. Alisema kurudi atakaa kiti cha mbele, kwenu."

Sitasahau namna mstari ule ulivyovunjika. Hawakukimbia, waligeuka tu mmoja mmoja, kila mtu akimtafuta mwenzake usoni. Mwanaidi aliteremka garini akafungua mkoba. Akatoa vijiti viwili, akavishika mbele yangu kwenye kiganja.

"Nalimtolea mimi," akasema. "Maguu yake, mama. Sikutaka ainame."

Na nyinyi mnaofunga utepe, hapa ndipo ninapotaka msimame kidogo. Mtu akimwitikia mwenzake "yupo", msikubali. Mke akisema mume wangu yupo, msikubali. Mtoto akisema babu yuko nyuma yangu anakuja, hasa huyo, msikubali. Wanaosahau hawawezi kuwadhuru sana. Watakaowaponza ni wenye mapenzi, wale wanaobeba vya wenzao. Siku hiyo ndipo nilipoelewa makosa mabaya aliyoyasema Barisa ni yapi.

Barisa alikuwa keshaingia garini. "Maji nakuja," akamwambia dereva. Magari yote mawili yakageuka.

Njia ile niliijua kwa kila shimo, lakini kurudi kule kulinichukia. Gari liliruka, wanawake nyuma wakisoma dua kwa sauti ya chini. Niliogopa. Niliogopa kwamba tutafika tukute laga limejaa, nisimame upande huu nikitazama mlango wa pango ukimezwa. Nilikuwa nayasikia maneno yangu mwenyewe: ukipotea, keti. Ilikuwa ndiyo sauti mbaya kuliko zote, kwa sababu nilijua amenisikiliza.

Laga lilikuwa limeanza. Maji ya kifundo cha mguu, ya rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma vijiti na mavi ya ng'ombe na povu. Ukiyaona yakiwa hivyo unafikiri una muda. Hapana. Hayo ni watoto, mama yao yuko nyuma. Barisa akachukua kamba, nami taa, tukavuka. Akawaamuru wengine wote wabaki magarini, na Mwanaidi naye. Mwanaidi akasema "ndiyo, babu," kwa adabu ile ile, kisha akatufuata ndani ya maji na buibui limelowa hadi magotini. Barisa alimtazama, akamwacha abaki mlangoni.

Barazani hapakuwa na mtu. Nikaita mara moja, kwa ujinga, na pango likanirudishia "Ami" kutoka kila pembe, mpaka kutoka juu. Barisa akanishika bega. "Zima taa. Sikia."

Kuzima taa ukiwa na hofu ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikazima. Giza lile mnalijua, lina uzito. Kwanza nikasikia popo. Halafu nikasikia pumzi yangu, nikaizuia. Halafu maji, sauti ndogo, kama mtu anayenywa mtungini. Na chini ya maji, ko. Kimya. Ko. Fimbo juu ya jiwe, polepole, kama nilivyomwambia.

Barisa alibaki juu ya mteremko na kamba, maana lazima awepo wa kuvuta. Nilishuka kwa makalio. Chini nikakanyaga maji mahali ambapo asubuhi tulisimama pakavu, yakanifika magotini, baridi ya kukata. Nikamulika. Nyuma ya ile nguzo ya jiwe, kwenye kona ambayo sijawahi kumpeleka mgeni, alikuwa ameketi Ami Shee juu ya jiwe dogo. Kanzu ameikunja kiunoni. Viatu kavishika kifuani visilowe. Maji yalikuwa mapajani mwake, na mkono wake wa kulia unagonga.

"Ami," nikasema. "Mbona hukupanda?"

Akageuza uso kwenye mwanga. Taa yake ilikuwa imezimika alipokuwa akilipapasa jiwe kwa kiganja, kama waashi wanavyofanya, na alipoinua kichwa sisi tulikuwa tumekwenda.

"Uliniambiya nikeeti, mwanangu," akasema. "Nimekeeti. Mai yalipokuya nikasema, nikiondoka hapa hatanipata."

Nililia. Sikuona haya, maana nani ananiona? Nililia kwa hasira, kwa kuwa maneno yale nilikuwa nimeyasema kwa wageni wangu wote na hakuna hata siku moja niliyoongeza kwamba maji yakija, panda. Tangu siku hiyo nikawa naongeza. Nanyi ongezeni. Semeni kwamba amri ya mwongozaji ina mwisho wake, na mwisho wake ni roho yako. Kuna watu ambao usipowaambia hivyo watakufa wakikutii.

Nilimfunga kamba chini ya makwapa. Barisa akavuta, mimi nikasukuma kwa bega. Tulipanda shubiri kwa shubiri, tukiteleza, Ami akiomba radhi kila nilipomsukuma mahali ambapo mwanamke hamsukumi mwanaume wa watu. Nikamwambia, "Nyamaza, Ami, panda." Ndilo neno la utovu wa adabu nililomwambia mkubwa wangu nikalifurahia. Nyuma yetu jiwe alilokuwa amelikalia halikuonekana tena.

Tulipokaribia mlangoni tulilisikia laga kabla hatujaliona. Lilikuwa linanguruma sasa. Mama mtu amefika. Kuvuka hakukuwepo tena, iliyobaki ni kupanda kilimani, na upesi, kwa maana ulimi wa maji ulikuwa umeanza kupanda mchanga wa mlangoni, unakuja, unarudi, kila ukija unasogea.

Mwanaidi alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga huo, maji yanamgusa vidole. Mbele yake alikuwa amekichomeka tena kijiti kimoja, anakizungushia mikono yake miwili kukikinga na maji. Alipomwona Ami aliinua uso. Kisha akafanya alichozoea tangu utotoni. Akanyoosha mkono akichomoe ampe.

"Wata," akasema Ami.

Mwanaidi akaurudisha mkono.

"Ami, mai yanakuya," akasema.

"Nimeyaona. Hiki ni changu."

Akamkabidhi Barisa viatu vyake. Akaegemea fimbo, akaanza kuinama. Magoti yale yalilia, niliyasikia juu ya kelele za laga. Akasimama katikati, akapumua, akashuka tena. Sisi watatu tulikuwa na mikono sita inayowasha, na hakuna aliyeinua hata mmoja. Mimi ambaye maisha yangu yote nimewaharakisha watu, mimi niliyeingia pangoni kwa sababu ya wali kupoa, nilisimama pale maji yakinipanda miguuni nikamngoja mzee wa watu akifikie kijiti chake.

Akakichomoa.